Bao Alilolishangilia Baba

Sitaitaja timu yetu. Tumeaibika vya kutosha, na wa hapa Mandewa wanajua mama mwenye mashine ya kukamua alizeti anashabikia nani, maana wikiendi tukifungwa, Jumatatu hawaisogelei mashine mpaka nipoe. Niseme tu kwamba ni timu kubwa ya Uingereza, ina jina, ina uwanja, na ina beki wa kushoto ambaye akiona winga anamjia anakimbilia upande ambao mpira haupo. Ugonjwa huu nimeurithi kwa baba. Wenzangu walirithi mashamba.

Mashine yangu iko kando ya barabara. Watu wanaleta magunia yao ya alizeti, wanasubiri zamu, na kwa kuwa kusubiri kimya hawawezi, wanakaa juu ya magunia ya mashudu na kuanza kubishana. Mashine inaunguruma, kwa hiyo kila mtu amezoea kupayuka. Umeme ukikatika tunaendelea kupayuka vilevile, na anayepita njiani anadhani kuna ugomvi. Mara nyingine kweli upo.

"Kocha aondoke! Aondoke leo hii!" Hiyo ndiyo salamu yangu ya Jumatatu.

"Mwaka juzi ulisema hivyohivyo kwa yule mwingine," atanijibu mteja mmoja, mkulima mwenye domo refu. "Na yule kabla yake. Nyie mnafukuza makocha kama mnafukuza kuku kwenye mtama."

"Yule alikuwa hafai! Huyu naye hafai! Sasa nikae kimya?"

"Wape muda, mama. Wanajenga timu."

Khaa! Wanajenga! Tangu niko msichana wanajenga. Nyumba gani hiyo isiyopauliwa? Wananunua straika kwa fedha ambazo zingelisha mkoa mzima wa Singida, anakuja, anapiga mpira juu ya mwamba mita sita kutoka golini, halafu anashika kichwa kama aliyefiwa. Nikilisema hilo huwa natetemeka, wallahi, na wateja wanacheka, na nikiona wanacheka ndiyo napandwa na mori kabisa.

Baba alikuwa akikaa kwenye gunia la pembeni, karibu na mlango. Nilimleta kutoka Sepuka mama alipofariki, maana nilikataa abaki kule peke yake na mbuzi. Alikuja na kofia yake ya pama, redio yake na maoni yake. Kwake yeye mpira uliharibika siku makipa walipoanza kupiga pasi fupi langoni mwao wenyewe. "Kipa kazi yake ni kudaka," alikuwa akisema. "Ukimkuta kipa anachezea mpira miguuni ujue kuna mtu nyumbani kwake atalia." Na kweli, wiki hiyohiyo kipa wetu angempasia straika wa wapinzani, na baba angekuwa mshindi wa kijiwe mpaka Ijumaa.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa mtoto wa shangazi yake, mzee mwenzake, mwenye bucha ng'ambo ya barabara. Huyu ni wa timu ya bluu. Kwetu binamu wa namna hiyo ni mtani, na mtani ana ruhusa ambayo mtoto wa kuzaa hana. Anaweza kukuambia una miguu mibaya mbele ya wakwe zako. Anaweza kuchukua kitu chako, jembe au kuku, akaondoka nacho mpaka ukomboe, na ukinuna wewe ndiye mwenye makosa. Mimi namwamkia shikamoo na kumwita baba mdogo, halafu nakaa kimya, huku roho inaniuma, maana siku bluu wakitufunga anavuka barabara na kisu chake mkononi, anaimba.

Sasa niseme habari ya lile bao.

Ilikuwa Jumamosi, mechi ya saa tisa na nusu alasiri, sisi na bluu. Nilizima mashine mapema, nikamshika baba mkono, tukaenda kibanda umiza kuitazama kwenye runinga. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yetu tangu ahamie kwangu. Tunakaa benchi la mbele, mimi kulia kwake, na mtani wake nyuma yetu akitupumulia visogoni. Mimi siwezi kutazama mpira mdomo ukiwa umefungwa. Naita kila anayegusa mpira, nampangia pa kupeleka, namtukana akikosea. Wenye kibanda walishaniambia ninyamaze, wakachoka wenyewe.

Tulikuwa sare, bao moja kwa moja. Dakika zilikuwa zinaisha. Winga wao akamchukua beki wetu wa kushoto, yuleyule, akampeleka kulia, akamrudisha kushoto, na mimi nikaona kitakachotokea kabla hakijatokea. Nikapiga yowe: "Weee! Weee! Weee! Jamani!" Mpira ukaingia. Kibanda kikalipuka, maana bluu ni wengi huku.

Na baba yangu akasimama. Akainua mikono yote miwili juu, akacheka mpaka magego yakaonekana, akapiga kelele: "Limeingiaaa!"

Baba! Mtu aliyenifundisha kuwachukia bluu kabla sijajua kusoma! Mtani wake akamrukia mgongoni, akamkumbatia, akatangaza kwamba mzee amehama leo hii mbele ya mashahidi. Watu walicheka hadi machozi. Baba akabaki amesimama na mikono yake juu, kisha akaishusha polepole. Uso wake ulibadilika kidogo. Halafu akasema, "Bao zuri halina timu," akakaa.

Wakampigia makofi. Wakasema mzee anajua utani huyu, katukejeli wote, katukejeli hadi binti yake. Mimi sikupiga makofi. Njiani nilimwongoza nikimvuta mkono kwa hasira, na alipojikwaa kwenye mfereji nilimwambia atazame anakokanyaga. Usiku ule nilimtengea chakula bila kusema neno. Kwa sababu ya mpira! Mtu mzima na akili zangu!

Hasira ilipotulia, nikaanza kukumbuka vitu. Kwamba siku hizi chai anamimina huku kidole chake kiko ndani ya kikombe. Kwamba alimsifu straika wetu kwa kichwa kizuri, na bao lenyewe alilifunga kwa mguu. Kwamba mteja wangu mmoja alimwamkia asubuhi kwa kuinamisha kichwa tu, bila kutoa sauti, na baba akampita. Yule kijana alinuna, na mimi nikamtetea baba kwamba ana mawazo.

Wiki iliyofuata nikamtega. Tuko kijiweni, mjadala umekolea kuhusu kipa, nikauliza, "Hivi baba, kipa wetu Jumamosi alivaa jezi ya rangi gani?"

"Rangi ya aibu," akajibu.

Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Nami nikacheka, Mungu anisamehe, maana lilikuwa jibu zuri. Ndipo nilipoona alivyokuwa anaishi. Kila asichokiona alikifunika kwa utani, na utani ukishapita hakuna anayerudi kuuliza tena.

Siku hizohizo nikasikia kwamba madaktari wa macho watakuja Kiomboi, hospitalini, kwa siku chache. Nikajipa moyo. Jioni, baada ya kula, nikamwambia, "Baba, kuna madaktari wa macho Kiomboi. Nilifikiri twende wakatutazame. Mimi pia yananisumbua."

"Wewe macho yako mazima. Unaona mpaka ofsaidi ambazo refa hazioni."

"Na wewe je?"

"Mimi? Mimi naona mpaka makosa ya kocha wako." Akawasha redio, akaiongeza sauti, na mazungumzo yakaishia hapo.

Ningefanyaje? Mtoto wa kike hamwambii baba yake usoni, "Wewe huoni." Kwetu hilo ni karibu na tusi. Ningeita kaka zangu, lakini wote wako mbali, na wao wangesema kwenye simu, "Mzee ana haki yake, mwache." Siku za madaktari zilikuwa zinakaribia, na nilijua zikipita imekula kwetu. Nilizunguka na jambo hilo mpaka nikakosa hamu hata ya kumlaani kocha. Mwisho nikavuka barabara. Kati ya watu wote wa Mandewa, nikaenda bucha kwa mtu wa bluu.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Umekuja kununua nyama au umekuja kuhama timu? Maana baba yako alishatangulia."

Nikamweleza yote, chai, kijana aliyepitwa, jezi ya kipa. Yeye alikuwa anakata mbavu. Kisu kikasimama.

"Bao lile," akasema.

"Bao lile, baba mdogo. Hakuliona. Alinisikia mimi napiga kelele, akadhani tumefunga."

Alikiweka kisu chini. Sijawahi kumwona anakosa kumtania binti wa timu iliyofungwa. Kisha akafuta mikono kwenye aproni. "Hilo niachie mimi. Mimi ndiye mtani wake."

Nilidhani atamchukua pembeni, wazungumze kiutu uzima. Pole yangu.

Kesho yake mchana mashine ilikuwa imekolea, mafuta yanatiririka, kijiwe kimejaa. Joto lilikuwa kali na baba alikuwa amevua pama lake, ameliweka juu ya gunia ubavuni kwake. Alikuwa anahutubia. "Kocha gani jamani, unaongoza bao moja, winga wako anawachosha watu, unamtoa? Unamtoa unaingiza beki? Unamwambia adui njoo, mlango uko wazi!"

Mtani akaingia kwa kunyata, kidole mdomoni. Watu wakaanza kutabasamu. Akachukua lile pama, akalivaa. Akasimama mbele ya baba, hatua moja tu, mikono kiunoni. Watu wakacheka, kwa sababu mtani akichukua kitu chako ni halali yake, na raha yote ni kuona mwenye mali atafanya nini.

Baba hakufanya kitu. Alisikia vicheko, akadhani hoja yake imeingia, akanogewa. "Mnacheka? Chekeni! Mwacheni yule kocha mpaka atushushe daraja!" Mtani akamtolea ulimi. Akacheza, akazungusha kiuno. Akainama hadi pua zao zikakaribiana. Baba alikuwa anamtazama, au tuseme macho yake yalikuwa pale alipo yule mzee, na alizidi kueleza habari za winga.

Vicheko vikaanza kupungua. Mmoja alinyamaza, mwingine akamgusa mwenzake. Mkulima mwenye domo refu akatazama chini. Nikazima mashine. Kwa kawaida mashine ikizimwa sisi hatuachi kelele, lakini siku ile sauti ya baba ilibaki peke yake, "...na yule sabu wake wa pili ndiyo balaa zaidi..." kisha nayo ikasita.

"Binamu," mtani akaita. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ee, bluu! Umefika? Njoo ukae, usisimame mlangoni kama mdeni."

"Sipo mlangoni. Nipo hapa mbele yako. Nimevaa pama lako."

Mkono wa baba ukaenda ubavuni kwake. Ukapapasa gunia, ukarudi, ukapapasa tena. "Tangu saa ngapi?" akauliza.

"Tangu ulipoanza kumtoa winga."

Nilitaka kumkaba yule mzee. Sikujali shikamoo wala udugu. "Baba mdogo! Ndivyo nilivyokuomba? Mbele ya watu?"

"Uliniomba nimwambie," akanijibu, na nikaona macho yake yamejaa maji. "Ningemwambia angenijibu. Nani amewahi kumshinda huyu kwa maneno? Mficha maradhi kifo humuumbua. Nenda Kiomboi, binamu. Nenda ukaone jinsi tunavyowafunga."

Baba alinyoosha mkono. "Nipe kofia yangu kwanza. Kichwa chako kikubwa kitaipanua."

Watu wakacheka kidogo, kwa heshima. Mtani akamvalisha pama kwa mikono yake mwenyewe, akavuka barabara, akafunga bucha jua bado liko juu. Baba alibaki kwenye gunia lake hadi magharibi. Nilipomletea maji ya kunawa akauliza, "Mabasi ya Kiomboi yanaondoka saa ngapi?"

Tuliondoka alfajiri. Njiani baba alitaka nimsomee habari za mpira kwenye simu, nikamsomea. Habari zote zilikuwa mbaya. Kiungo wetu mzuri kaumia goti, kocha anasema anawaamini vijana wake, na mwenye timu anasema anamwamini kocha. Baba akasema hakuna neno linalomtisha kama mwenye timu kumwamini kocha, maana hapo ujue wiki mbili hazifiki. Mzee mmoja kiti cha nyuma akaingilia, kumbe naye ni mwenzetu, na basi zima likageuka kijiwe. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi nilijisikia vizuri. Nilijua dawa iko mbele. Mtoto wa jicho, nilijiambia, watamtoa, tutarudi, Jumamosi ijayo tupo kibandani.

Foleni ilikuwa ndefu, lakini baba aliipitisha kwa kubishana na Wanyiramba wawili kuhusu penalti za VAR. Walipomwita nikaingia naye. Daktari alikuwa dada mpole. Alimmulika jicho la kulia, akaandika. Akammulika la kushoto, akakaa nalo sana. Akarudia. Kisha akageuza kiti chake, akatutazama.

Jicho la kulia lina mtoto wa jicho, akasema, na hilo watalifanyia upasuaji kesho yake asubuhi, ataona. La kushoto ni presha ya macho. Imeua mshipa. Hilo limekwenda na halirudi.

"Hakuna sindano? Hakuna matone?" nikauliza.

"Matone ni ya kulinda kilichobaki, mama. Hapa hakijabaki. Angekuja mwaka jana tungelizuia." Akamgeukia baba. "Mzee, hili ulianza kuliona lini?"

"Siku nyingi," baba akasema.

Siku nyingi! Tulipotoka koridoni nililipuka. Hasira yote niliyoibeba, ya beki wa kushoto, ya makocha, ya lile bao, ya pama, ikanitoka pale ukutani watu wakitazama. "Siku nyingi, baba! Siku nyingi umekaa na mimi nyumba moja, unakula kwangu, jicho linakufa, unanyamaza! Nimekukosea nini? Ungesema neno moja tu! Ningefunga mashine siku hiyohiyo, ningekubeba mgongoni mpaka hapa! Kwa nini hukuniambia?"

Nesi mmoja akatoa kichwa mlangoni akaniomba nishushe sauti. Sikushusha. "Kwa nini, baba?"

Alikuwa ameketi kwenye benchi, pama mapajani. Hakukasirika. Alisubiri nimalize, kama anavyosubiri mtu wa kijiweni amalize upuuzi wake.

"Mwanangu," akasema, "ningekuambia sioni, ungenipeleka tena mpirani?"

Nikakaa kando yake kwenye lile benchi. Nilijiona kabisa, Jumamosi alasiri, nimejifunga kanga vizuri, nikimwekea redio karibu na chai kwenye kigoda, nikimwambia baki upumzike baba, kule kuna vurugu, usije ukaumia. Ningelisema kwa upendo. Halafu ningerudishia mlango, nikaenda peke yangu.